Topazi ya Novemba

Bremen, 3 Septemba 1974

Mama mpendwa,

Hujambo? Na magoti je, bado yanakubali kupanda ngazi? Mimi mzima, na mvua ya huku nimeshaizoea.

Volker kaniandikia kwamba mwezi ujao unatimiza sabini na mtachoma nyama uani kama kawaida. Kaka yangu huyo hakusema nije, ndiyo maana nakuuliza wewe. Ile pini ya kifuani, Baba alipokupachikia jiwe la mwezi aliozaliwa kila mtoto wako, bado unaivaa kanisani? Zumaridi ya Volker ipo. Lulu ya Gisela aliyekufa mchanga ipo. Mimi niliye hai nina shimo.

Siku ile nilipomwambia mteja wa Frankfurt kwamba mawe ya njano anayouziwa na Baba si topazi, ni amethisto za zambarau tulizozichoma kwenye tanuri letu zikageuka njano, Baba aling'oa jiwe langu akasema hana binti wa Novemba. Nilichosema sikijutii. Lakini nimechoka kuwa shimo, Mama. Baba akilirudisha jiwe langu nitakuja. Asipolirudisha, siji kukaa mezani kwetu kama mgeni.

Binti yako,
Heidrun


Idar, 24 Septemba 1974

Mwanangu Heidrun,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, magoti ndiyo hayo hayo, na baba yako anakohoa vumbi la mawe yake kama siku zote. Viazi mwaka huu vimekubali, tunashukuru.

Sasa sikia. Baba yako amelainika, uzee umemshika. Jumapili aliichukua pini yangu bila kusema neno, akaenda nayo karakanani, akanirudishia na jiwe lako limekaa mahali pake. Usimuulize wala usimshukuru. Unamjua, aibu itamrudisha nyuma. Wewe njoo tu, ukae kando yangu, ule nyama. Mtoto akinyea kiganja, hukikati.

Njoo, mwanangu.

Mama yako


Bremen, 21 Oktoba 1974

Mama,

Nimefika salama. Hali yako siiulizi, nimeiona.

Uliponikumbatia mlangoni nikaiona kwenye pini yako njano ile yenye wekundu wa moto kwa ndani, nilijua. Nimekulia mbele ya tanuri lile. Ulidhani sitaijua amethisto ya kuchoma? Lakini nilijidanganya. Nikasema labda topazi ilipotea, labda Baba hakuwa na nyingine, ila mkono ulioipachika hiyo ni wake, na hilo lingenitosha. Ndipo nikamshukuru mbele ya wote.

Hakuinua hata macho kwenye sahani. "Jiwe gani? Lako nililisaga likawa vumbi. Hilo kifuani kwa mama yako ni amethisto. Si wewe ndiye hodari wa kuwatangazia watu? Haya, watangazie wageni."

Shangazi Trude akacheka. Volker akaendelea kukata mkate. Nawe uliinamia kitambaa cha meza ukakinyoosha, kana kwamba si wewe uliyeniita.

Baba aliwauzia wateja mawe ya uongo. Wewe umeniuzia mimi, mwanao. Kweli njia ya mwongo ni fupi, Mama. Yako haikufika hata kwenye keki.

Heidrun


Idar, 11 Februari 1976

Mwanangu Heidrun,

Natumai u mzima. Barua zangu zote hukuzijibu, na sikulaumu. Narudia tena: jiwe lile nililinunua mwenyewe kwa jirani, nikamwomba alipachike wakati baba yako yuko msituni kukata kuni. Nilitaka kukuona siku yangu ya sabini, basi. Kama ni dhambi, nimeilipa.

Baba yako tumemzika Alhamisi. Kifua ndicho kilichommaliza. Volker alikupigia simu, ukaikata uliposikia sauti yake.

Jana nilikuwa nakunja nguo zake. Kwenye mfuko wa kizibao chake cha kazini nimeikuta topazi yako, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Nzima. Hakuisaga, Heidrun. Alitembea nayo miaka yote hiyo, mdomo ukamshinda. Nakutumia, ipime utakavyo. Ile amethisto nimeing'oa; uje uipachike hii mwenyewe kwenye pini, maana mikono yangu inatetemeka na nyumba hii imekuwa kubwa mno.

Mama yako


Bremen, 2 Machi 1976

Mama,

Pole kwa msiba. Nimemlilia, ukitaka kujua.

Jiwe limefika, nami nimelipima. Ni topazi ya kweli, na mkato ni wa Baba, hakuna mwingine mtaani kwetu anayekata hivyo. Lakini Baba alikata topazi za kweli pia, nyingi tu, na droo zake unazijua wewe kuliko mimi.

Nimekaa nalo jikoni wiki nzima nikijaribu kukuamini. Nataka iwe kweli alilibeba. Nataka sana. Halafu naikumbuka ile barua yako nyingine, Baba anachukua pini Jumapili bila kusema neno, ilivyonitoa machozi. Hii umeiandika vizuri vilevile. Jiwe naweza kulipima, Mama. Maneno yako siwezi.

Nakurudishia. Lipachike kwenye lile shimo la pini au lirudishe kwenye droo, utajua mwenyewe. Ila usiniandikie kuniambia umeliweka wapi.

Binti yako,
Heidrun