Mwanafunzi Aliuliza Swali, Msiba Ukakosa Watu

Mpendwa Ma Benigna, nisaidie, jambo hili limenizidi nguvu. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita huku Muleba, si mbali na Rubya, nafundisha Uraia na Maadili, na kwa kuwa sera ya elimu inatutaka tufundishe kwa vitendo niliwaambia wanafunzi wachague kero moja ya kijiji wakaiulize mkutanoni, na Evelyne, binti mpole kabisa, akasimama akauliza kwa nini chemchemi tunayochota wote imezungushiwa uzio ikawa ndani ya kibanja, shamba la migomba, cha Ta Projestus, na huyo ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, mtoto akazomewa, basi wiki haikuisha familia yake ikaondolewa chamani kwa kulea mtoto asiye na adabu, na mwezi uliopita bibi yake akafariki. Hakuja mtu. Hakuna aliyeleta ndizi wala kuni. Nilipita barabarani nikamwona baba yake, Kahangwa, anamchimbia mama yake kaburi peke yake, Evelyne anazoa udongo kwa beseni, nikalia hadi nyumbani.

Sasa Kahangwa amenijia: "Mwalimu waitu, mwambie mtoto awapigie magoti. Mimi nami nitazikwa na nani?" Evelyne hasemi tena darasani. Nimwambie apige?

Mwalimu Theopista

Theopista, poleni sana. Kuzika mzazi bila majirani ni kidonda, na Kahangwa simlaumu hata kidogo.

Wewe nitakugombeza. Ulipita barabarani ukalia, halafu ukaendelea na safari zako? Na siku ile mkutanoni, mtoto alipozomewa, mwalimu wake alisema nini? Barua yako ndefu yote haisemi. Ulimfundisha kusimama, ukamwacha asimame peke yake.

Evelyne asipige magoti. Akipiga, darasa lako lote litajifunza kunyamaza, na hakuna sera itakayowafumbua midomo. Nenda wewe kwenye kikao cha chama, pamoja na mwalimu mkuu na padri wenu. Sema swali lilikuwa kazi uliyoitoa wewe. Omba familia irudishwe. La chemchemi lipeleke kwa mtendaji wa kata, kwa jina lako. Huenda wakakuondoa nawe. Naelewa unaogopa, hata mimi ningeogopa.

Lakini anza kwa Kahangwa, leo. Kaa nao msibani, ingawa umechelewa. Kisha mwite Evelyne, na mbele ya baba yake umwombe radhi.