Mwale Umetoa Maua

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepungua, na ile dawa ya mjomba unainywa, humwagii mikindu. Nakujua. Mimi mzima, ila joto la Maskati linanichosha. Hapa hata maji ya bomba yanatoka ya moto. Barua hii anakuletea mwenzangu wa Bumbuli, yeye amepata likizo. Kwenye simu husikii, unaitikia tu "ee, ee" halafu unamrudishia kaka Yona.

Yona alinitumia picha ya mwale wetu wa kijitoni, ule mti wa makuti marefu kupita mnazi, umetoa maua. Nilipiga vigelegele jikoni hadi mama mwenye nyumba ninayofanyia kazi akaja mbio akidhani nimeungua. Nikamweleza kwamba kwetu Mgwashi msafiri harudi na mkate, anarudi na mbegu ya mti wa jamii ya mnazi kwa ajili ya bustani ya baba. Mchikichi ulitoka Kigoma ndani ya soksi ya Yona. Na marehemu mama alikuwa akisema, "Waume wa wenzangu wanapanda viazi, wangu anapanda kivuli." Mama mwenye nyumba alicheka sana. Mimi nikaanza kulia, naye hakuelewa.

Nilikumbuka siku tulipoupanda. Mimi nimeshika mche, wewe unafukia. Ulisema, "Huu huzaa mara moja tu, kisha unakufa. Siku ukitoa maua tukae chini yake wote, tuuage." Nikaitikia ndiyo, kama mtoto anavyoitikia jambo la mbali.

Nimewaomba waajiri ruhusa ya kuja. Wamekataa mpaka mkataba uishe. Najuta, Baba, najuta kweli. Nilipoondoka nilidhani wewe na bustani mpo tu, nitawakuta nilivyowaacha. Sasa Yona anasema miguu imekataa, wanakubeba na kiti hadi kijitoni, na umekataza kuti lolote lisiguswe mpaka nije. Hapo nilishindwa kula.

Kokwa za tende ninazo kwenye begi tayari. Najua kwa baridi yetu hazitazaa kitu. Tutazipanda hivyo hivyo.

Nisalimie mama mdogo, shangazi wa Mlalo, na wanakwaya wenzangu. Waambie sauti ya pili wasimpe mtu.

Yona ananifariji. Anasema matunda ya mwale huchukua miaka kukomaa, kwa hiyo mti hautakufa kabla sijafika. Mwale sina wasiwasi nao, Baba.

Binti yako,
Naomi