Mstari wa Najla na Wangu

Ubah, leo nimeaibika hata sijui nianzie wapi.

Ule mstari wa vipele ubavuni mwangu, si nilimwambia kila mtu nimeambukizwa na Najla, binti wa kaka yangu? Kisa ana mstari kama huo mguuni. Wiki nzima nimemkataza kunikaribia!

Leo wifi yangu Halima, mama yake Najla, akatupeleka sote kliniki hapa Garsen. Mimi bila haya nikamwambia daktari, "Huyu mtoto ndiye chanzo."

Daktari akatukagua. "Mstari wa mtoto unawasha?"

Hauwashi.

"Na wako?"

Unawasha vibaya sana.

"Basi ni magonjwa mawili tofauti. Lake huwapata zaidi watoto, hukaa miezi kisha huisha lenyewe. Lako ni la watu wazima. Huisha upesi, ila linaweza kurudi. Na yote mawili hayaambukizi."

HAYAAMBUKIZI, Ubah! Na mimi nilichemsha hadi vikombe alivyonywea!

Halima akainama kumvalisha Najla kiatu. Afadhali angenitukana.

Najla ndiye aliyeuliza, "Shangazi, sasa naweza kukaa na wewe?"

Nikampakata palepale, nalia mbele ya foleni nzima, jitu zima ovyo.