Shemeji Alinigonga kwa Foklifti: Nikidai Fidia, Atafungwa?

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie maana nimekwama na nyumba yangu imenuna. Mimi ni mpanga mizigo kwenye ghala la vigae, na dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyeniombea kazi, na ghalani kwetu kuna utaratibu ambao mgeni akiuona anacheka: foklifti ikirudi nyuma hailii, kwa sababu ofisi ya bosi iko juu yetu na alisema ule mlio unampasua kichwa, akaita fundi akakata waya, basi tangu hapo shemeji akiweka rivasi anapiga mluzi na sisi tunapisha, tumezoea kabisa.

Sasa siku hiyo shemeji alikuwa ametoka kung'olewa jino, shavu limevimba kama amebania ndimu, mluzi hautoki, unatoka upepo tu. Akamwambia bosi, "Leo siwezi, mdomo umekufa ganzi." Bosi akamjibu, "Kwani unaendesha kwa mdomo? Lori linasubiri, pakia!" Nami nilikuwa nimeinama nafunga kamba za mzigo, nimewapa mgongo, nikashtukia chuma kiko juu ya mguu wangu, na aliyepiga yowe kwanza si mimi, ni shemeji.

Mguu umevunjika vibaya, natembelea magongo, daktari anasema utapona ila kubeba vigae nisahau kwa muda mrefu. Bosi alikuja hospitali na matunda, akaniambia kosa ni la dereva, nikidai fidia polisi watamkamata shemeji, lakini nikinyamaza yeye bosi atanipa kazi ya kukaa getini. Mke wangu akisikia neno fidia analia, "Utamfunga kaka yangu?" Nikisema basi naacha, analia tena, "Na sisi tutakula nini?" Shemeji mwenyewe hakanyagi kwangu, mpaka mtoto anauliza kama mjomba amesafiri. Nampenda shemeji yangu, mshauri, na mguu wangu pia naupenda, nifanyeje?

Ni mimi, Mguu Bendeji

*

Mguu Bendeji, marahaba, na pole sana mwanangu. Nimecheka nilipofika kwenye jino, kisha nikajisuta. Sasa kaa vizuri nikuseme kidogo. Hivi lile ni ghala au zizi la mbuzi, watu wazima mnaongozwa kwa miluzi? Mmeizoea hatari mpaka mkaiona utani.

Haya, tuje kwa bosi wako, ambaye amekuchanganya makusudi. Fidia ya kuumia kazini hudaiwa kwa mwajiri, si kwa mfanyakazi mwenzako. Mashine ni yake, waya umekatwa kwa amri yake, na dereva aliposema hawezi, yeye ndiye aliyemlazimisha. Hata mfanyakazi akizembea akiwa kazini, kwa kawaida mzigo humwangukia mwajiri. Kudai fidia na kumpeleka mtu polisi ni mambo mawili tofauti. Simsafishi shemeji yako, angeshuka kwenye ile mashine akakaa chini, lakini asibebeshwe na makosa ya bosi.

Hiyo kazi ya getini usiikubali kwa sharti la kufunga mdomo. Wala usilale, madai ya namna hii yana muda wake na ukipita umepita. Chukua ripoti ya daktari, nenda ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi, uliza sheria ya kwenu inasemaje, na waombe waje waikague ile foklifti kabla fundi hajarudishwa kimyakimya kuunga waya. Kama wakili humudu, tafuta msaada wa kisheria wa bure. Wenzako bado wanainama nyuma ya mashine ileile, kwa hiyo usione haya, unawadaia na wao usalama wao.

Na mkeo mpanguse machozi, mweleze haya niliyokueleza, atapumua. Kaka yake haji kwenu kwa sababu ya aibu na hofu, maana naamini bosi amemtisha na yeye kama alivyokutisha wewe. Tena yeye ndiye aliyesikia lile jibu la bosi kwa masikio yake. Kwa hiyo usimsubiri aje. Leo jioni shika magongo yako, ongozana na mkeo, mkagonge kwake. Mwambie, "Shemeji, sikushtaki wewe. Nataka uwe shahidi wangu." Halafu mwache alie.