Kumwaga Choo Bure

Kunduchi,
Jumatatu jioni

Kaka Gervas,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Monica na watoto wote, na kwamba kile kifua chako kimepata nafuu sasa vumbi la Masasi limepungua. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Moyo ni habari nyingine, na ndio ulionifanya nishike kalamu. Usishangae kwamba sikukupigia simu. Nikikupigia unanikata katikati, na nikikutumia ujumbe wa sauti unasikiliza mwanzo wake tu halafu unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Barua huwezi kuikata. Nimempa Herieth anayepanda basi kesho alfajiri, na nimemwagiza akukabidhi mkononi, asiiache dukani.

Pole na shughuli za korosho. Nimesikia bei ya mwaka huu si mbaya, nami nimefurahi kwa ajili yenu.

Nianze na habari unazozipenda. Mpaka Ijumaa iliyopita kambi ilikuwa imejaa. Kiwanja alichotuachia baba, ambacho miaka yote kilikuwa pa kuanikia nguo zangu na kulimia mchicha, kilikuwa na magari ya kulala kutoka ukutani mpaka mlangoni kwangu. Nikifungua dirisha asubuhi naangaliana na Mzungu anayepiga mswaki. Ule ubao wa bei uliouandika mwenyewe ulikuwa getini vilevile: gari lenye hema juu ya paa bei yake, gari kubwa la kulala bei yake, umeme wa kuchomeka bei yake, maji ya kujaza tangi bei yake, bafu la maji moto bei yake. Na chini kabisa, kwa rangi nyekundu, lile neno lako: KUMWAGA CHOO BURE.

Hilo ndilo lililowaleta, kaka. Kambi nyingine za huku pwani zinatoza kumwaga, kwa sababu gari la kunyonya maji taka haliji kwa sadaka. Wasafiri hawa wanapashana habari kwenye simu zao, wapi pa kulala, bei gani, choo kikoje. Meneja wako Brightson aliwahi kunisomea walivyotuandika: bafu linatiririka kama machozi, mbu ni wengi, lakini kumwaga choo ni bure kabisa, njooni. Alisoma kwa majivuno kama mzazi anayesoma matokeo ya mtoto wake. Mimi nilikuwa nakunywa chai, nikaisukuma kando.

Unajua mie sikuyapenda magari yale tangu mwanzo, nawe ukasema nina ushamba. Basi na uwe ushamba. Mtu anakaanga mayai, na akinyoosha mguu anagusa mlango wa choo. Halafu haachi kitu njiani. Anajisaidia Iringa, anajisaidia Mikumi, anaufunga uchafu wake vizuri kwenye sanduku la plastiki, anasafiri nao mchana kutwa kama mtu aliyebeba zawadi ya mjomba, anakuja kuutua uani kwetu. Na hao hao, wenye gari la thamani ya mtaa mzima, watasimama juani wakibishana na Brightson juu ya bei ya umeme wa usiku mmoja. Sisemi ni watu wabaya. Wengi wana adabu, wanajitahidi na “habari gani” zao. Lakini kinyaa hakisikii maelezo, na mimi kinyaa kilinishika tangu gari la kwanza.

Nilivumilia kwa sababu uliniahidi kwamba kila kitu kinaingia kwenye lile tangi lililofukiwa karibu na ukuta, na kwamba gari la kunyonya litakuja kila linapojaa. Mimi mchana niko shuleni nafundisha. Sikuliona gari hilo, nikadhani linakuja nikiwa darasani. Ndivyo nilivyodhani, kaka, kwa sababu ni wewe uliyeniambia.

Sasa nikwambie habari za jirani. Kisima cha Mzee Khalfani unakijua, kiko upande wa pili wa ukuta ule ule. Ulichota humo ulipojenga geti, wala hakukutoza hata shilingi. Maji yake ni ya chumvichumvi, si ya kunywa, lakini bomba likikatika mtaa mzima unakwenda pale kuchota ya kuogea na kufulia. Msikiti wetu mdogo nao huvuta humo kwa mpira kujaza tangi la kutawadhia.

Mwaka huu maji yale yakaanza kuwa na rangi, kidogo kidogo, hata hakuna aliyejua ni lini hasa. Si rangi kali, ni ya bluu kwa mbali, na yananukia kama peremende. Na sisi akina mama wa mtaa huu, kwa akili zetu, tukafurahi! Mkewe Bi Raudha akanitania kwamba kisima chao kimejifunza udobi, kinatia nguo bluu chenyewe. Kanzu zikafuliwa mle, na mashati ya shule ya watoto ninaowafundisha. Kuna waliosema ni baraka ya mzee, kwa kuwa hajawahi kumnyima mtu maji. Na mimi, Rosalia, ninayefua vitambaa vya altare vya kigango chetu, nilivifua kwa maji yale, nikavinyoosha kwa pasi, nikavipeleka kanisani nikijisifu kwa weupe wake.

Ijumaa nilirudi mapema, watoto walikuwa wamemaliza mtihani. Nikamkuta mama mmoja Mjerumani, mtu wa umri wangu, anachomoa lile sanduku ubavuni mwa gari lake. Akalibeba mpaka kwenye shimo la kumwagia, akalifungua, akamimina. Yakatoka maji ya bluu, kaka. Bluu iliyokolea, na mengine yaliyokuwemo sina haja ya kukutajia. Upepo ukaniletea harufu ya peremende. Nikakumbuka kisima cha jirani, nikatapika palepale kwenye maua. Yule mama akanikimbilia na chupa ya maji, akaniuliza kama ni jua.

Nikamfuata Brightson. Akasema, mama, hiyo siyo ishu. Kwamba wasafiri wanatia dawa ya bluu chooni ili isinuke. Kwamba bosi, yaani wewe, ulichoka kulipia gari la kunyonya, ukaongea na fundi kwa simu, tangi likatobolewa chini, na tangu hapo linajimwaga lenyewe mchangani, halijai kamwe. Alilitamka hilo la kutojaa kama mtu anayesifu mtungi.

Nikakupigia. Kwa nini nikuandikie uliyoyasema, wakati umeyasema mwenyewe? Kwa sababu nataka uyaone yakiwa yameandikwa. Ulicheka. Ukasema mchanga wa pwani unachuja kila kitu. Ukaniuliza kama mimi ni mwalimu wa darasa la pili au mkemia. Ukaniomba nifunge mdomo mpaka msimu wa Krismasi upite, wageni wakiisha utaona la kufanya. Na mimi nikaufunga. Niliufunga usiku mmoja, kwa sababu ni kaka yangu, na kwa sababu nilitaka nipate maneno ya kumwambia Bi Raudha.

Sikuwahi kuyapata. Jumamosi asubuhi Mzee Khalfani alifariki. Alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, miguu ilikuwa imemwishia nguvu, hata msikitini alikuwa hafiki tena. Mungu ampumzishe. Nikajifunga khanga, nikaenda kukaa na wenzangu msibani. Ndugu yake, Mbwana, alikuwa amefika kutoka Kilwa siku chache nyuma kumwuguza, ndiye aliyesimamia shughuli. Sanda ililetwa, kafuri ililetwa, kitanda cha kuoshea kikawekwa nyuma ya pazia. Bomba lilikuwa limekatika tangu Alhamisi. Nikaona ndoo zinatoka kisimani, moja baada ya nyingine, zinaingia kule alikolala maiti.

Mwanamke aliyeketi karibu yangu akavuta pumzi, akasema mtu mwema ni mwema mpaka mwisho, tazama mzee wetu anavyokwenda kuoshwa kwa maji yanayonukia.

Hapa ndipo nikuambie nilichofanya, kaka, maana utakisikia kwa wengine na watakuambia vibaya. Niliinuka. Nilikwenda upande wa wanaume, mahali ambapo mwanamke hapiti, sembuse mwanamke Mkristo. Nilitaka nimwite Mbwana pembeni nimnong'oneze. Sauti ikakataa kuwa ndogo. Nikasema wasimguse mzee kwa maji yale. Nikasema rangi ile ni dawa ya choo, na iliyochanganyika nayo ni mavi ya wageni wa kambi yetu, yanapita chini ya ukuta kwa sababu tangi lilitobolewa. Nikasema aliyeagiza litobolewe ni kaka yangu Gervas. Nikataja jina lako na la baba yetu ili pasiwe na Gervas mwingine wa kusingiziwa. Nikasema mimi nimejua tangu jana na nililala nalo.

Msiba mzima ulisikia. Mwanamume mmoja aliyekuwa ameshika ndoo aliiacha ikaanguka. Mbwana alichota kidogo kwa kata, akanusa, akaimwaga, akajifuta mkono kwenye mchanga mara nyingi sana. Wengine wakaanza kuelekea getini kwetu, na nadhani wangelivunja, ila Mbwana aliwazuia akasema kwanza tumzike ndugu yetu. Boza la maji likaagizwa kutoka Mbezi, likachelewa njiani. Mzee wa watu aliyekuwa azikwe adhuhuri, akangoja kuoshwa mpaka alasiri. Alingoja maji, mtu aliyewapa maji watu wote. Mimi nilikaa na wale akina mama, na hakuna aliyesogea karibu yangu wala aliyenifukuza.

Niliporudi nyumbani kwetu hapakuwa na Brightson, amekusanya nguo zake na simu yake haipatikani. Wageni niliwaambia mwenyewe kwa Kiingereza changu cha darasani kwa nini wanaondoka, na pesa zao za siku zilizobaki nimewarudishia. Yule mama wa Kijerumani alilia. Geti nimefunga kwa kufuli langu. Leo asubuhi nimekwenda ofisi ya serikali ya mtaa, nimeandikisha habari yote na kutia saini, na bwana afya anakuja kesho kuona tangi. Ukitaka kuniita msaliti, niite. Habari ya vitambaa vya altare nimemrudia padri nikamweleza, na hilo lilinitoa jasho kuliko la ofisini.

Jana jioni ulinitumia pesa za rambirambi nimpelekee Bi Raudha, pamoja na neno moja: tulia. Nimekurudishia, nadhani umeziona. Sijawahi kuionea kinyaa pesa maishani mwangu, mimi mwalimu, lakini hizo sikuweza hata kuziacha zilale kwenye simu yangu.

Bi Raudha aliniita baada ya maziko. Yuko ndani, ameanza eda, amekaa mkekani na kijitambaa mkononi. Nilikwenda nikiwa tayari kwa laana. Hakunilaani. Aliniuliza swali moja tu, tangu lini. Nikadhani anafikiria magonjwa, nikaanza kumweleza habari za bwana afya. Akatikisa kichwa. Akanieleza taratibu, kama mimi ndiye mfiwa, kwamba mumewe tangu ashindwe kwenda msikitini alikuwa anaswali kitandani, na yeye ndiye aliyemtawadhisha, sala tano kila siku, anamwagia maji mikononi na miguuni kwa birika, maji ya kisima chao wenyewe. Maji yenye najisi hayatawadhishi. Zake yeye atazikidhi, yaani ataziswali upya moja moja, ana eda nzima ya kufanya hivyo. Za mumewe atamwuliza shehe. Lakini hawezi kuzikidhi wala kumwuliza shehe bila kujua zilianzia wapi. Anachoomba Mungu ni kwamba tangi lilitobolewa baada ya Ramadhani. Kwa sababu Ramadhani ile mzee aliswali hata asipoweza kuinua kichwa, na alimwambia mkewe kwamba hajawahi kuwa na mfungo mtamu kama ule.

Nilimwuliza Brightson Ijumaa ile, akasema hakumbuki, huenda kabla ya mfungo, huenda baada. Fundi simjui. Anayejua ni wewe uliyempigia.

Kwa hiyo usinitumie pesa, na usinitumie mtu wa kuja kunituliza. Habari za kambi, nani atalipa faini, nani atafukua tangi, tutagombana baadaye tukiwa uso kwa uso, na tutagombana vizuri. Kwa sasa kumbuka siku hiyo. Kaa chini, zima redio, fungua simu yako uangalie. Na nakuonya kama ndugu, usije ukachagua tarehe ya kumfurahisha mjane. Ukimdanganya huyu mama kwa hilo, mimi na wewe tumemalizana.

Nisalimie sana wifi Monica, mwambie khanga alizoagiza nitampa Herieth safari nyingine. Watoto uwabusu, na shangazi zetu wote wa Ndanda wape shikamoo yangu. Bi Raudha hakukutumia salamu, nami sikumwomba. Sina ninalongoja kutoka kwako ila hiyo tarehe.

Ni mimi mdogo wako,
Rosalia