Nilipokunywa Mbege Nkoaranga

Jumamosi, jioni.

Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ambayo sisi watu wa Tanga hatukuizoea. Wananiambia Mlima Meru uko hapa hapa, juu ya kichwa changu. Tangu nifike sijauona. Ni ukungu, migomba na matope. Nimejifunika blanketi la jeshi la shemeji yangu, nimekaa karibu na mlango maana mwanga bado upo. Nisipoandika leo, kesho nitaanza kujitetea.

Nimekunywa pombe.

Mimi, ambaye sijawahi hata kuonja tembo la mnazi, na watoto wa mtaani kwetu walilionja wote.

Mama alinituma nimrudishe Zuhura, mdogo wangu. Ni miaka miwili sasa tangu aondoke na Anaeli, Mmeru aliyekuwa askari, aliyekaa Tanga miezi michache baada ya kurudi kutoka vitani Burma. Hakuaga. Baba alikwisha kufa, kwa hiyo walii wake ni mimi, na bila kauli yangu, kwa mama hakuna ndoa. "Usirudi bila yeye," aliniambia stesheni, na hakungoja treni iondoke.

Kusema kweli, safari yenyewe niliifurahia, na hilo nalo linanisumbua. Niliposhuka stesheni ya Usa nilimkuta mama mmoja wa Kiarusha akiuza maziwa mgando kwenye kibuyu. Yalikuwa na harufu ya moshi, na chembe nyeusi za mkaa zikielea juu. Nilidhani ni uchafu. Akacheka, akanieleza kwa ishara kwamba kibuyu husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike. Nikanywa, nikaongeza. Huku juu Nkoaranga, kwa akina Anaeli, wakanipa loshoro, mahindi yaliyopikwa yakalainika, yakachanganywa na maziwa hayo hayo. Unakunywa na kutafuna kwa wakati mmoja. Nilimaliza bakuli, mama mkwe wa Zuhura akapiga makofi.

Nilikuwa kama mtu aliyekuja kutembea tu.

Kisha mama mkwe huyo akaita, "Rebeka!" na mdogo wangu akaitika.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaita tena, Zuhura akaitika tena, akapita mbele yangu na mzigo wa majani ya ng'ombe bila kunitazama. Amebatizwa Pasaka iliyopita. Anaeli ndiye aliyenieleza, kwa upole, akiwa ameinamisha kichwa. Anazungumza Kimeru sasa, na anapotafuta neno la Kiswahili huchelewa kidogo. Usiku wa jana sikumwambia lolote. Nilijiambia nitasema leo.

Leo hawakunipa nafasi. Kumbe walikuwa wamepika mbege kwa ajili yangu tangu ilipofika barua kwamba nakuja. Ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, na huku huwezi kuzungumzia mambo ya ndoa bila hiyo. Wazee wa ukoo walikuja, wakakaa kwenye vigoda chini ya upenu wa nyumba, mvua ikinyunya mbele yao. Mama mkwe alionja kwanza, maana mpishi ndiye anayeonja, ili wageni wajue haina kitu kibaya. Nilishangaa, kwa sababu nilimwona Zuhura mwenyewe akikoroga na kuchuja tangu alfajiri. Sikuuliza.

Baba yake Anaeli, Mzee Kaaya, alichota kwa kata, akanywa nusu, akaninyooshea ile nusu nyingine kwa mikono miwili. Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo Anaeli alitafsiri.

"Baba anasema, binti yenu tulimchukua kama wezi. Yeye ameona aibu siku zote. Leo kaka yake amekuja. Ukinywa naye, aibu imekwisha, na huyu ni mke."

Watu wote walinitazama. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, ameshika nguzo. Uso wake sikuweza kuusoma. Nilimfikiria mama. Nikamfikiria Zuhura akibaki hapa miaka yote, kati ya watu ambao kaka yake aliwatupia kata yao. Nikaona niko tayari kubeba dhambi moja kwa ajili yake. Nilijiona mwema sana wakati ule.

Nikainywa yote.

Ilikuwa ya uvuguvugu, nzito, tamu mwanzoni na chachu mwishoni. Punje za ulezi zilibaki kwenye meno kama mchanga. Wanawake walipiga vigelegele, wazee wakanishika mkono mmoja mmoja, na Mzee Kaaya akafuta macho kwa kiganja.

Kisha mama mkwe akachota kata nyingine, akaenda nayo mlangoni, akampa Zuhura. Alisema maneno mafupi kwa Kimeru, akinionyesha mimi kwa kidole, na wanawake wakacheka kwa furaha. Hakukuwa na ubaya wowote katika kicheko kile. Zuhura aliishika kata kwa muda. Akanitazama, mara ya kwanza tangu nifike. Akanywa mpaka mwisho, akarudisha kata, akaingia ndani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba, anatapika.

"Unajua alisema nini?" aliniuliza. "Alisema, kaka yako amekunywa, sasa huna tena kisingizio."

Nikamwambia sielewi.

"Tangu nije hapa sijanywa, Kaka. Napika, nachuja, nawapa watu, lakini sionji. Mama mkwe ananionjea. Kila wakiniuliza nawaambia, kwetu hatunywi. Wakazoea. Hata mchungaji aliponibatiza hakuniuliza, wala Anaeli hajanishurutisha hata siku moja. Jina wamelichukua. Sala nimeacha. Kidigo sina wa kuzungumza naye. Hicho tu ndicho kilichokuwa kimebaki cha kwetu." Alijifuta mdomo kwa pembe ya kanga. "Ukaja wewe, ukanywa mbele ya ukoo mzima."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Ungeniuliza."

Hakulia. Afadhali angelia. Nilibaki pale kwenye migomba mpaka kofia yangu ikalowa chepechepe. Safari nzima nilikuwa nikijiuliza nimrudishe au nimwache, na sikufikiria hata mara moja kumuuliza anataka nini.

Wageni walipoondoka, nilimfuata Mzee Kaaya alikokuwa amekaa na Anaeli. Nikamwomba Anaeli atafsiri bila kupunguza. Nikasema, "Mzee, dini yangu hainiruhusu kunywa kile nilichokunywa. Nilikunywa kwa kuogopa kukuvunjia heshima. Zuhura aliwaambia kweli, kwetu hatunywi. Aliyekosea leo ni mimi, yeye hakuwadanganya. Nawaombeni msimpe tena."

Anaeli alinitazama kwanza, kama mtu anayenipa nafasi ya kurudi nyuma. Kisha akatafsiri. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia.

Mzee alikuwa na mabaki ya mbege kwenye kata yake, akayamwaga nje kwenye mvua.

"Baba anasema," Anaeli akasema polepole, "kwa hiyo hukunywa naye, alikunywa peke yake."

Nilitazama mbege ikichanganyika na matope.

"Anauliza, na kauli yako ya ndoa je? Nayo ilikuwa ya kuogopa?"

Hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Mzee alinyanyuka, akachukua fimbo yake, akaingia kwenye zizi la ng'ombe, na mpaka sasa hajatoka. Anaeli alinishika bega tu, akamfuata baba yake.

Zuhura alikuwa amesikia. Alikuja, akanivua kofia, akaikamua, akaitundika karibu na moto.

"Umemkasirisha," alisema.

"Najua."

"Hajawahi kumwaga mbege."

Nikamuuliza, nikiwa nimechelewa miaka miwili na siku mbili: "Zuhura, unataka kurudi nyumbani?"

Alichochea moto. Akasema hapana. Akasema anampenda Anaeli, na mama mkwe humwita mwanangu, na shamba la kahawa analolipalilia litakuwa lao. Akasema pia kwamba kuna siku anaamka akitaka kusikia sauti ya mama tu, hata kama ni ya kumgombeza. Yote mawili ni kweli, Kaka, alisema, usinichagulie moja.

Sasa anapika ndani, na mimi nimebaki na kalamu. Kesho asubuhi, kabla Mzee Kaaya hajaenda kanisani kumsindikiza mkewe na kubaki nje ya mlango, maana yeye hajabatizwa, kama anavyofanya kila Jumapili, nitamwendea. Nitamwambia ndiyo, kauli yangu ya ndoa ni ya kweli. Sitakuwa na kata mkononi wala pombe tumboni, na kama atanifukuza baada ya hapo, anifukuze.

Halafu nitashuka Usa, nipande treni ya Tanga, nikamwambie mama kwamba nimemwozesha binti yake.

Hatanipa hata maji ya kunywa.