Kitambaa Ndani ya Kengele

S.L.P. 214,
Chechelesi, Isiolo.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Halake,

Salaam aleikum. Natumaini joto la Doha halijakumaliza na kile kikohozi kimekuachilia. Sisi tunapumua tu. Mama anakula kidogo, Baba halali. Mimi nimerudi shuleni, kidato cha tatu, ingawa akili imebaki kaburini kwa Mamo.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani Baba huiweka sauti ya juu ili wote wasikie, na haya nataka uyasome peke yako. Jirani yetu Ruweida, anayerudi huko Jumatatu, ameapa hatafungua bahasha.

Uliambiwa ndugu yetu Mamo aliuawa kule Biliqo na wezi wa ngamia, na kwamba Lomorukai, mwanafunzi mwenzangu, ndiye aliyewauzia habari. La kwanza ni kweli. La pili ni uongo, nami nimeuacha ukue.

Mamo alizoea kutuambia kwamba wezi huziba kengele ya ngamia wa mbele kwa nyasi, wapite kimya. Basi kwa mradi wetu wa ubunifu mimi na Lomorukai tulichonga kengele ya mbao, tukaficha king'ora ndani. Ngamia akitembea na kengele ikanyamaza, king'ora kinalia mpaka betri iishe. Tulishinda kaunti nzima. Likizo ya Aprili niliifunga kwa mikono yangu shingoni mwa ngamia wake wa mbele, nikamwambia Mamo mwizi akiigusa atamsikia hata akiwa Merti. Alicheka, akasema sasa atalala kama mfalme.

Sikumweleza zaidi. Nimelelewa mjini, kaka. Sikufikiria kwamba mchungaji naye huziba kengele anapojificha.

Akina mama waliokuwa wakiteka maji alfajiri ile wanasema wezi walikuwa wameshapita. Mamo alikuwa anawaingiza ngamia kwenye korongo kavu, king'ora kikaanza kulia. Wezi wakageuka. Risasi nne, shingoni na tumboni, kisha wakamkanyaga uso. Ngamia wa mbele alirudi peke yake, damu imemkaukia begani. Nilipofungua kengele sikukuta nyasi. Nilikuta kipande cha kikoi cha Mamo, kile cha kijani ulichomtumia wakati wa Idi, amekisokota vizuri. Nimekificha kwenye sanduku langu la shule. Hakuna mwingine anayejua.

Siku tatu baada ya mazishi, amu Ado na vijana wanne waliingia karakana ya shule na marungu, wakamzingira Lomorukai. Walikuwa wamesikia kuhusu daftari tulimoandika ngamia wanalishwa wapi na saa ngapi, ili tupime betri.

"Biliqo, saa kumi na mbili, ngamia kumi na nane," Ado alisoma. "Hii uliuzia nani?"

"Ni ya projekti, mzee. Uliza Kuno."

Waliniuliza. Nikaangalia chini.

Walimvunja mkono wa kulia juu ya meza ya useremala, mkono uleule uliounganisha nyaya zote. Meno matatu niliyaona sakafuni. Mwalimu Kathure alijilaza juu yake, naye akapigwa mgongo mpaka akatapika. Mimi nilikuwa nimeshika tupa, na sikusema neno. Najichukia kwa hilo kuliko kwa kengele.

Lomorukai anatoka hospitali Alhamisi. Ado anamsubiri, na safari hii habebi rungu, amekopa bunduki. Baba anasema neno ni lako, kifungua mimba, na wewe umetuma ujumbe kwamba damu ilipwe. Nimekukasirikia sana, kaka. Ulitoa hukumu ukiwa umekaa kwenye kiyoyozi.

Mpigie Baba kabla ya Alhamisi. Usipopiga, nitaipeleka kengele kwa wazee. Nitaiziba kwa kitambaa hichohicho, nitembee nayo mbele yao, waisikie kama alivyoisikia Mamo. Baada ya hapo Ado atajua bunduki yake anamwelekezea nani.

Mama anakusalimu na anakuombea. Mdogo wetu Tiya anauliza kama viatu ulivyomwahidi bado vipo. Mfikishie salamu Guled unayekaa naye. Mungu akurudishe kwetu ukiwa mzima, nawe utukute tukiwa wazima.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata leo,

Kuno

Betri mpya nimeshatia.